Kope la Jicho la Baba

Jumanne, 3 Juni

Baridi. Maji ya bomba yanauma vidole. Nimeosha busti mpya kwa sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu kabla ya kwenda kazini. Busti ni sanamu ya kichwa na mabega tu, ya resini, aina ya plastiki ngumu, na hii ni ndogo kama ngumi. Mafuta ya kiwandani hayatoki. Nimesugua tena, bado inateleza kama samaki aliyelala sokoni. Nyuma ya sikio resini imeacha matundu ya hewa, mengi, kama ndui.

Sanduku linasema ni mchawi wa Afrika. Mfupa puani. Midomo kama maandazi. Macho yamemtoka kana kwamba mtu amemkanyaga mguu. Aliyechonga hii hajawahi kumtazama mtu mweusi akila, akipiga miayo, akisubiri kwenye foleni ya benki. Amenakili kazi ya mwenzake, ambaye naye alinakili.

Nimeona kinyaa. Kinyaa cha kooni.

Hata hivyo nitaipaka rangi, kwa sababu siwezi kusema ubaya wa kitu ambacho sijakipaka. Halafu tathmini itakwenda kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni. Alama mbili kwa kumi, na zote mbili ni za sanduku.

Mama amepita na ufagio, ameona mfupa wa pua, amesema "Yezu!" akaendelea kufagia.

Alhamisi, 5 Juni

Nilipotoka kazini nimepitia mtaa wa Kamalondo kumpelekea Salum mabega ya yule mchawi.

Sisi tunafanya kazi hivi. Busti huja vipande viwili, kichwa mbali na mabega mbali. Salum ni fundi cherehani, ukoo wake ni Waislamu waliotoka Maniema zamani, na mama yake hataki nyuso zilizochongwa katika nyumba anamoswalia. Kwa hiyo Salum huchukua mabega: nguo, kola, vifungo, mikunjo. Mimi hubaki na vichwa hapa Katuba. Vikikamilika tunaviunga kwa kipande cha waya, tunapiga picha, tunaviachanisha tena. Kwake kuna kabati la mabega yasiyo na vichwa. Kwangu kuna rafu ya vichwa visivyo na mabega. Mgeni akiingia kwangu bila kuonywa hukaa karibu na mlango.

Tunachukiwa. Wengine wenye kurasa kama yetu hupewa busti bure, kisha kila kitu ni *magnifique*, kizuri ajabu. Pua imepinda, *magnifique*. Sikio moja liko chini ya jingine, *magnifique*. Wanawapaka watengenezaji mafuta kwa mgongo wa chupa, na wasomaji wanakula tu. Nikiwasoma roho inanichafuka. Sisi tunasema ukweli. Uso ukidanganya tunasema unadanganya.

Mchana natengeneza meno ya bandia kwa daktari mmoja mjini. Resini ya waridi, vumbi la waridi, harufu inayobaki kwenye nywele. Watu huuliza inakuwaje mtu ashinde na resini kazini halafu jioni airudie tena nyumbani. Meno lazima yafanane. Nyuso hazifanani. Basi.

Jumapili, 8 Juni

Yaya Fidèle, kaka yangu, amekuja baada ya misa. Ndiye mkubwa wetu. Ana kazi nzuri kwenye kampuni inayokodisha malori migodini, ana gari, ana kikoti cha ngozi ambacho havui hata akila. Tangu Baba afariki mwaka jana, anakaa kwenye kiti cha Baba bila kuuliza.

Tutaondoa matanga tarehe 21. Mahema yameshaagizwa, sare ya kitenge imeshachaguliwa. Leo alikuja na sanduku. Akalifungua juu ya meza ya Mama kama mtu anayefungua keki.

Busti ya Baba. Ya resini, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Kuna vijana mjini wana mashine, unawapelekea picha, inatoka sanamu. Fidèle alitaka iwekwe mezani siku ya matanga badala ya picha ya fremu. Watu wa kazini kwake watakuja.

Nimemtafuta Baba kwenye sanamu ile. Hayumo. Pua nyembamba. Mashavu laini kama ya mtangazaji wa televisheni. Macho mawili makubwa, sawa kabisa, yanameremeta hata kabla ya rangi. Nikauliza picha waliyotumia. Akanionyesha kwenye simu. Aliipitisha kwenye ile programu inayolainisha ngozi, inayopanua macho, ambayo wasichana huitumia. Picha ya mwanzo ameifuta.

Akasema: "Petit, weye njo fundi. Unapaka *clair* kidogo, pas trop. Bantu bakubwa batakuya."

Baba alikuwa mweusi wa kuchomwa na moto mara mbili, mara ya kwanza na Mungu, mara ya pili na kiwanda. Clair kidogo, yaani mweupe kidogo!

Mama ametazama sanamu mara moja, akakunja kitambaa cha meza vizuri, akaenda jikoni. Tumesikia sufuria tu.

Jumatano, 11 Juni

Nimeanza. Mabega nimempelekea Salum, kichwa nimebaki nacho. Mashine imeacha mistari, inazunguka uso mzima kama mistari ya kidole gumba. Nimepiga msasa nikiwa nimevaa barakoa. Vumbi jeupe limeingia kwenye chai. Nimeinywa hivyo hivyo, kwa hasira.

Niandike hapa jinsi alivyokuwa, kabla sura hii ya duka haijakaa kichwani mwangu.

Mweusi. Kwenye paji la uso weusi wake ulikuwa na bluu. Shavu lilikuwa na kovu la kuungua, upana wa kiganja cha mtoto, ngozi imevutika na inang'aa, kwa sababu ya shaba ya moto iliyoruka kiwandani alipokuwa kijana. Shaba hiyo hiyo iliharibu kope la jicho. Kope likawa limelegea, limefunika nusu ya jicho, na halikupanda tena. Mdomo umefungwa. Hakupenda picha. Kila tulipotaka kumpiga picha alikumbuka kazi uani.

Hii sanamu haina kovu. Haina kope. Ina meno! Inatabasamu na meno yanaonekana. Mimi ninayetengeneza meno nasema, hayo si ya Baba. Ya Baba yalikuwa na pengo.

Ijumaa, 13 Juni

Leo nimeamua kumrudishia kope. Bila kumwambia Fidèle. Akiiona mezani mbele ya wageni atafanya nini? Nimekanda mastiki, ule udongo wa kuzibia unaokauka upesi, nimechukua vyuma vyangu vya kazini, nimemgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha.

Nikasimama na mastiki kwenye kidole.

Jicho gani?

Nimefumba macho. Nimemwona mezani, nimemwona mlangoni, nimemwona kitandani hospitali. Kila mara kope liko pale, na kila mara nikitazama vizuri linahamia upande wa pili. Na kovu linalifuata. Mastiki imekauka kwenye kidole changu.

Nimetafuta picha. Ya harusi ni ya kabla ya shaba. Kadi yake ya kura ipo, lakini uso ni doa jeusi, kadi zote hufifia hivyo. Nimemwuliza Mama. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Amesema, "Usiniulize ile," akachukua beseni lake akatoka nje.

Mimi ninayewapa watu alama kwa ajili ya nyuso. Mimi niliyemwandikia mtu wa mbali kwamba hajui sikio linaanzia wapi. Sijui jicho la baba yangu. Nimejichukia mpaka nikashindwa kula bukari, ugali wetu.

Jumamosi, 14 Juni

Kope nimeliacha, lakini rangi naijua. Nimepaka tabaka la kwanza kahawia iliyokolea, na bluu kidogo kwenye paji, na nyekundu nzito chini ya macho. Rangi ya Baba. Hata juu ya uso ule wa uongo ilianza kuonekana kama mtu wa ukoo.

Fidèle amekuja kuona maendeleo. Amesimama mlangoni na kikoti chake. Akaanza kupiga kelele kwamba nataka kumwaibisha, kwamba wakubwa wake wataona nini, sanamu nyeusi tii juu ya kitambaa cheupe, kwamba sina mke ila nina vichwa, na ndiyo maana sijui mambo ya watu.

Nikamwambia ndiyo yaya.

Kwetu mkubwa akisema, mdogo anajibu ndiyo, halafu anakasirika akiwa peke yake. Nimefyata mkia vizuri sana. Baada ya gari lake kuondoka nimetema mate kwenye maua ya Mama.

Jumanne, 17 Juni

Nimempaka Baba rangi ya chai ya maziwa.

Nimeipaka nyembamba, tabaka juu ya tabaka, kila moja imekauka kabla ya nyingine. Waridi kidogo mashavuni. Kivuli cha zambarau chini ya kidevu. Nimelamba brashi ili ncha ikae sawa, kama kawaida yangu, na ladha ya ile rangi imebaki ulimini mpaka sasa. Ladha ya chokaa na kitu kitamu. Nimesukutua mdomo kwa chumvi, haitoki.

Kibaya zaidi ni kwamba imetoka vizuri. Ni kazi bora kuliko zote nilizowahi kufanya. Ngozi inaonekana ina joto. Nimeweka nukta nyeupe kwenye kila jicho na yule bwana akanitazama, amefurahi, hana shida yoyote duniani. Kama ingekuwa busti ya mtu mwingine ningeipa tisa.

Nimeifunika kwa taulo. Sitaki inione nikivua viatu.

Mama ana jirani anayejichubua, vidole vimebaki vyeusi kwenye maungio na uso umekuwa mwekundu kama nyanya iliyomenywa. Mimi humsema sana. Leo tumekutana naye kwenye bomba na sikuweza kumtazama.

Alhamisi, 19 Juni

Salum ameleta mabega. Alikuja mwenyewe mpaka Katuba, amebeba kwenye mfuko wa nguo za wateja.

Koti la Baba! Lile la kijivu alilokuwa anavaa Jumapili. Salum ndiye aliyelishona zamani, na sasa amelipaka kwa kumbukumbu. Kola imelala kidogo upande mmoja. Kifungo cha juu ni cha rangi nyingine, kwa sababu cha asili kilipotea na Mama alishona alichokipata. Hata ule mng'ao wa kitambaa kilichopigwa pasi mara nyingi ameuweka. Nilipoona kile kifungo machozi yalinitoka, na Salum akajifanya anatafuta kiberiti.

Kisha tukaweka kichwa.

Salum alizunguka meza. Akasema: "Hii kichwa haiko ya hii koti."

Nikamwambia ni amri ya Fidèle. Hakunilaumu. Amesema tu kwamba jina lake lisiandikwe, na kwenye ukurasa isiwekwe. Nimeona haya mbele ya Salum kuliko mbele ya Mungu. Nimeunga kichwa na mabega kwa waya na gundi kali. Gundi imenichoma kidole na nimeona ni haki yangu.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike yote kabla hayajapoa.

Mahema mawili, viti vya plastiki, muziki wa juu kupita kiasi. Sisi watoto na Mama tumevaa kitenge kimoja. Wageni wa Fidèle walikaa mbele na chupa zao za maji. Padri amebariki, ameondoka mapema. Busti ilikuwa mezani chini ya kitambaa cheupe.

Fidèle alitoa hotuba, nusu Kifaransa. Akaondoa kitambaa. Makofi. Nilitazama ni nani wanaopiga makofi. Walikuwa wale ambao hawakumjua Baba. Watu wa mtaa walikuwa wanatazamana. Mzee mmoja aliyefanya kazi na Baba kwenye tanuri alivaa miwani, akavua, akaifuta, akavaa tena. Mama alikaa na mikono mapajani, anatazama majani.

Mmoja wa wageni wa mbele akasema kwa sauti kwamba marehemu alikuwa mtu mzuri wa sura.

Ndipo akaingia Mama Numbi kutoka Kambove. Mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa Baba wanataniana tangu huko kaskazini, na kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote na kuchukua lolote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Alikuwa amevaa koti la kiume, amegeuza ndani nje, na mabuti ya mpira na kofia ngumu ya kiwandani. Akatembea kama Baba. Bega moja mbele, mkono nyuma, hatua ndogo za mtu anayehesabu kuku wake. Mtaa mzima uliangua kicheko. Mimi nikasikia nywele zinasimama.

Akafika mezani. Akasimama. Akavua kofia.

"Bonjour, Monsieur le Directeur."

Akasubiri jibu. Akainama, akaichungulia ndani ya macho.

"Weye njo nani? Unatoka ku ambassade ya bazungu gani?"

Watu walikuwa wameshaanza kushika mbavu. Fidèle akasimama, akakumbuka kwamba haruhusiwi, akakaa.

Mama Numbi akatugeukia. "Mi nilikuya kulilia Kalenga. Kalenga mweusi, Kalenga ya kovu. Huyu bwana mweupe munamulilia hapa, mulimuzika wapi?" Kisha akamwendea Mama, akapiga magoti mbele yake, akasema kwa sauti ya siri ambayo hata barabarani walisikia: "Mama Fidèle, ambia mi kweli. Wakati Kalenga alikuwa ku kazi ya usiku, huyu bwana alikuwa anaingiaka hapa?"

Mbele ya wageni, mbele ya wakwe, mbele ya watoto.

Na Mama akacheka. Alianza kama mtu anayekohoa. Halafu kicheko kikamshinda, akajishika kifua, akaegemea jirani, machozi yakamtiririka. Tangu kuzikwa kwa Baba sijamsikia akicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anakoroma mwishoni.

Mama Numbi hakumaliza. Akachukua kitambaa cheupe, akamfunga yule bwana mgongoni kama mtoto, na mabega yake na koti lake, akavaa kofia yake. "Huyu mugeni ninaenda naye. Siku mutapata Kalenga mwenyewe, mutakuya kubadirisha." Akatoka, bega moja mbele, watu wakimsindikiza kwa vigelegele mpaka barabarani.

Meza ikabaki tupu. Wageni wa mbele wakaangalia simu zao. Fidèle alikuwa anatafuna shavu lake kwa ndani.

Mimi nilikuwa nasikia haya mpaka masikioni. Na chini ya haya nilisikia nafuu, kama mtu aliyeng'olewa jino bovu.

Jumapili, 22 Juni

Fidèle amekuja, bila kikoti. Sikuwahi kujua kwamba ana mabega membamba.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno tangu Jumamosi ile nyingine, nimeyanoa. Yeye akaanza kwanza. Alikuwa anatazama sakafu.

"Ku masomo balikuwa bananiita mutoto ya Jicho Moja. Kila siku. Weye ulikuwa mudogo, haukujua. Nilitaka siku moja tu bantu bamuone, pasipo kucheka."

Sikujua. Kweli sikujua. Nikamwuliza ni jicho lipi, kwa kuwa yeye alichekwa kwa ajili yake, atakuwa anakumbuka. Akafungua mdomo. Akainua mkono, akagusa jicho lake la kulia, akahamisha mkono kwenye la kushoto, akaushusha.

Tulikaa hivyo, watu wazima wawili, tunaona haya.

Nilitaka kumchukia na nimemchukia nusu tu. Nusu nyingine imebaki mikononi, sijui niipeleke wapi. Ile picha aliyoilainisha bado inanichefua. Lakini huenda alipokuwa anavuta kile kidude cha kulainisha, hakuwa anawafikiria wakubwa wake. Alikuwa anafikiria ua wa shule.

Mama amesema kutoka jikoni, bila kujionyesha: "Enda Kambove. Ukamulete."

Nikamwambia sijui jicho.

"Numbi anajua."

Jumatano, 25 Juni

Kambove. Nimeomba ruhusa kazini. Nimebeba mastiki, msasa, rangi, vyuma vya meno, vyote kwenye mfuko wa sukari.

Mama Numbi anauza samaki wakavu mbele ya nyumba yake. Yule bwana alikuwa juu ya pipa la maji, amevishwa kofia ya sufi ya mtoto. Kuku alikuwa amelala chini ya kola ya Salum. Wapita njia wanamsalimu, wanamwita Monsieur. Vumbi jekundu lilikuwa limemkaa usoni na, samahani zangu zote kwa taaluma, lilimfaa.

Nilisalimia, nilipewa kiti, nilitukanwa kidogo kama inavyostahili. Kisha nikauliza. Nilikuwa nimeogopa kwamba atacheka. Hakucheka.

Alikwenda kunawa mikono kuondoa harufu ya samaki. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu, akaweka mikono juu ya magoti. Akafunga mdomo. Taya likasogea kidogo mbele. Kope la jicho la kushoto likaanza kushuka, polepole, likafika nusu, likasimama.

Baba alikuwa amekaa mbele yangu, amevaa kitenge cha mwanamke.

Nilitaka kukimbia. Badala yake nimeanza kukanda mastiki.

Tumekaa hivyo mpaka jua likapita upande wa pili wa nyumba. Alikuwa akichoka anapumzika, anauza samaki, anarudi, anakuwa tena yeye. Nimesaga ile pua na yale mashavu ya televisheni. Nimeziba meno, nimefunga mdomo. Nimeongeza nyama puani. Kovu nimelikanda kwenye shavu la kushoto na kuvuta ngozi kuelekea sikioni, yeye akinionyesha kwa kidole juu ya shavu lake mahali lilipoishia. Nilipofika kwenye kope nimelishusha mpaka nusu, nikaridhika. Yeye akakataa.

"Ile njo ya siku ya kawaida. Kama alikuwa anasikiliza bibi yake, mama yenu, ilikuwa inashuka tena kidogo. Bantu banasema analala. Hapana. Alikuwa anasikiliza."

Nimeishi na Baba miaka yote hiyo na nilidhani amesinzia.

Nimelishusha kidogo tena.

Halafu rangi. Kahawia iliyokolea, nyeusi, bluu ya paji, nyekundu chini ya macho. Kovu rangi ya ini, na vanishi juu yake ing'ae. Nukta nyeupe nimeweka jicho la kulia tu, la kushoto halikuwa na mahali. Kazi si safi. Mastiki ilikuwa bado mbichi chini ya rangi, kuna vumbi, kuna unyoya wa kuku kwenye nywele ambao sikuuona mapema. Kwenye ukurasa wetu mtu angenirarua.

Mama Numbi ameitazama muda mrefu. Akaanza kulia. Hakulia kama mtani mbele ya watu. Alilia kama mtu aliyefiwa, na hakujificha.

Jumamosi, 28 Juni

Jua, upepo kidogo. Fidèle alikuja asubuhi, akatazama, akasema, "Njo yee. Njo Baba." Akanywa chai kwenye benchi, hakukaa kwenye kiti cha Baba. Akaenda kazini.

Nimemweka Baba juu ya kabati la vyombo, kwenye urefu wa mtu aliyekaa. Mama alikuja na kitambaa kibichi. Amemfuta koti. Amemfuta kovu, taratibu, kana kwamba bado linauma. Nikaona bora nikaoshe brashi zangu uani.

Dirisha lilikuwa wazi. Nimemsikia akivuta kiti mbele ya kabati.

Akaanza na bati la jikoni linalovuja, kwamba alisema tangu zamani na hakuna aliyemsikia. Akaenda kwa jirani anayechota maji yetu. Akaenda kwa mke wa Fidèle. Akaja kwangu, vichwa vyangu, umri wangu, harufu ya rangi kwenye mapazia. Alikuwa hasemi kwa huzuni. Alikuwa analalamika, kwa sauti ile ya jioni zote za utoto wangu, na kila baada ya maneno machache alikuwa ananyamaza kidogo, kisha anaendelea.

Brashi zilishakuwa safi. Nimeendelea kuziosha.